Mlango wa Mnara wa Ngulyati

Haya yalimkuta rafiki yangu Mayige, fundi wa minara ya simu pale Bariadi, na tangu anihadithie sijalala vizuri.

Mchana mmoja alikuwa anakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, simu yake ikalia: "Ngulyati. Mlango umefunguliwa." Mitambo ya mnara hutuma ujumbe yenyewe. Fundi akiusoma hubonyeza "Nimeona", jina lake linajiandika chini, kisha anakwenda. Mayige alibonyeza, akaendelea kula. Alijua ni Magese, mlinzi, anachaji simu yake kama kawaida. Ukaja mwingine: "Mtikisiko." Zikafika jumbe tisa. Akabonyeza zote. Zilipokatika ghafla ndipo akawasha pikipiki.

Alifika jua linazama. Kabula, jirani wa mnara, alikuwa amejifungia ndani.

"Umechelewa, baba," alisema dirishani. "Panga lililia kama wanapasua kuni. Na Magese alikuwa anaita jina lako."

Kibanda cha mitambo kilikuwa giza. Mayige alikanyaga kitu kinachonata, akamulika. Magese alilala kifudifudi, mgongo mzima umekatwakatwa. Pembeni, kile kisanduku kinachotuma ujumbe kilikuwa kimepasuliwa vipande viwili, nyaya zimeng'olewa.

Nyuma yake bawaba zikalia, kriii, taratibu. Giza likajaa. Simu ikatetemeka mkononi: "Ngulyati. Mlango umefungwa."

Mayige hakuthubutu kugusa kitu. Lakini chini ya ujumbe ule herufi zikaanza kujiandika, moja moja: "Nimeona. Magese."