Wiski Iliyotemwa Bila Jina

"Rudilia tena kutema pombe mu nyumba yangu, utaona!"

"Mais, Mama Shekinah, njo vile benye kujua banaonjaka." Lusenge alinyanyua glasi kwenye mwanga wa dirisha. "Unazungusha, unanusa, unaweka mu kinywa, unatema. Nikimeza yote, nitaambia nini patron wa hoteli kule Bungulu, mwenye kunituma nionje? Kama nililewa?"

"Tema, sawa. Na jina?" Hulda aliuliza. "Umeita nani?"

Mume wake akacheka. Kwao Hulda, kule Kipese, mwanaume akitema kasiksi, pombe ya ndizi, chini anataja jina la marehemu wa ukoo anayemkaribisha. Asipotaja, amemkaribisha yeyote mwenye kiu. Lusenge, aliyekulia kwenye depo za vinywaji za Butembo, aliona hayo ni mambo ya wazee tu.

Akainusa tena ile wiski ya Irlande. Shayiri yake, aliambiwa, hukaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi.

"Asali kidogo," alisema. "Kisha nyumba yenye kuungua, mvua ikaipiga."

Akaidondoshea maji, akaonja, akatema. Sakafu ilikuwa ya simenti, lakini ilikunywa pale pale, ikabaki kavu. Hulda aliona. Lusenge alikuwa amefumba macho, anatafuta ladha.

Kesho yake maji ya kunywa ya bidoni yalinuka moshi. Halafu bugari sahanini. Halafu Shekinah, mtoto wao mchanga, alishika ziwa la mama yake, akaliacha, akalia. Hulda alikamua maziwa kiganjani, akamnyooshea mumewe. Lusenge alilamba.

"Ni yenyewe," alinong'ona. Safari hii hakucheka.

Alimwaga chupa nzima chooni. Haikusaidia. Mtoto alikataa kunyonya, macho yakaanza kuzama, na mchana ule, ukungu ukiwa umeziba dirisha, wakasikia kutoka kitandani kwake pumzi ndefu ya mtu anayenusa, polepole, jinsi Lusenge alivyonusa glasi, kisha midomo ikigusana, kisha kimya cha mtu anayetafuta neno la kusema juu ya alichoonja, na walipokimbilia kitandani wakakuta paji la uso la mtoto limelowa mate baridi yenye harufu ya moshi.

"Taja jina," Lusenge alisihi. "Yoyote!"

Hulda alimtaja bibi yake. Akamtaja baba yake, shangazi zake, wajomba, hata majirani waliozikwa Musienene. Kila jina, kile kitu kilinyamaza kusikiliza; kisha kikanusa tena. Kati ya hayo yote hapakuwa na lake.

Lusenge alitoka mbio kumwita Mama Jokébed, mwanamke wa maombi aliyekwisha kufukuza pepo katika nyumba nyingi. Hulda akabaki amempakata mtoto, akimfuta, akimfuta tena, na kila alipomfuta paji lililowa upya, na hakuwa na maziwa ya kumpa wala jina la kutaja wala nguvu ya kulia.

Mlango ukagongwa. Alimlaza Shekinah kitandani, akakimbia kufungua. Lusenge alikuwa kizingitini, amelowa mvua, Mama Jokébed kando yake. Yule mama hakuingia. Alitazama juu ya bega la Hulda, ndani, akarudi nyuma kidogo.

"Mama Shekinah," aliuliza kwa sauti ndogo, "kama bwana yako iko hapa na mimi, ule mwanaume mwenye kubeba mutoto mule ndani ni nani?"