Alo, Domitille

Siku ya meli kutoka Goma, bandari ya Bukavu ilikuwa haina pa kuweka mguu. Wapagazi wanafokeana, akina mama wa Minova wanashusha vikapu vya vitunguu, kuku wanalia. Katikati ya fujo hiyo Domitille alisimama amekumbatia furushi la vitambaa vya bosi wake, Madame Eleni, mshonaji wa Kigiriki mwenye duka kwenye avenue kubwa. Msichana alikuwa amevaa kikwembe cha manjano chenye maua mekundu, na kilemba kakifunga upande kwa maringo. Basi furushi likamponyoka. Kabla halijagusa matope, mikono miwili ikalidaka.

"Maman, hii muzigo ni ya batu wawili," alisema mwenye mikono.

"Mimi si maman ya mutu bado."

"Aa! Basi Mungu ananipenda."

Kijana alipendeza, ukweli usemwe. Suruali nyeupe iliyopigwa pasi, tai, viatu vya rangi mbili. Alijitaja kuwa Polycarpe, mfanyakazi wa central ya telefoni.

"Weye njo unasemaka na bazungu ndani ya waya?" Domitille aliuliza, macho yamemtoka.

"Kila siku. Banasema alo, mimi nabaunganisha. Kwa bosi wako telefoni iko?"

"Iko. Lakini mimi nani atanipigia?"

"Utaona."

Jumatatu telefoni ya dukani ililia. Madame Eleni aliipokea, akakunja uso, kisha akamnyooshea Domitille. Msichana aliinuka kwa haraka hata pini zikamwagika.

"Alo, Domitille. Uliamuka muzuri, sukari yangu?"

Jamani! Miaka ile mji ulikuwa ndiyo kwanza umezoea kuitwa Bukavu badala ya Costermansville, na kule Kadutu, mtaa wa Waafrika, nani alishawahi kusikia mwanamke mweusi anapigiwa telefoni? Sauti ilikuwa ng'ambo ya mji, na papo hapo ilikuwa inapumua sikioni mwake. Jioni, kwenye bomba la maji, wanawake walimzunguka na ndoo zao. Ebu sema tena, alisemaje? Sukari yangu? Wewe!

Polycarpe akawa anapiga kila asubuhi. Baadaye asubuhi na mchana. Baadaye kila alipopata nafasi.

"Alo, Domitille. Uko?"

"Niko."

"Nani iko pembeni yako?"

"Agathe tu."

"Umupe nimusikie."

Agathe, fundi mwenzake, alipokea, akasema bonjour kavu, akarudisha.

"Dada, ule mutu anakupenda ao anakuchunga?" aliuliza baadaye.

"Weye una wivu."

"Hata askari ya gereza anaita majina kila mara."

Kule kwenye bomba walimwambia asimsikilize Agathe. Wivu ni mapenzi, walisema, na mwanaume asiyeuliza hana haja nawe. Domitille akaamini. Telefoni ikilia alikimbia na pini mdomoni, mteja kamwacha na nguo nusu. Akaacha kuimba kanisani, maana kwaya ilikuwa na wanaume. Kucheka kwa sauti nako kulipotea, hata yeye hakujua lini. Mtu akiwa ameshangaa sana, hapati nafasi ya kuogopa.

Siku moja karani wa farmasi alipiga akimtafuta Madame. Madame hayupo. Kijana yule akaeleza ujumbe wake kwa Kifaransa kilichopinda hivi hata Domitille akaangua kicheko. Wakati wa kufunga duka, Polycarpe alikuwa anangoja nyuma ya nyumba.

"Ulicheka nini na ule wa farmasi?"

"Nani alikuambia?"

"Waya zote zinapita mu mikono yangu. Nilisikia yote."

Alimshika kifundo cha mkono, akakipinda, na kofi likafuata. Kesho yake Domitille alimwambia Madame kwamba mlango ulimbana mkono. Agathe alitazama zile alama.

"Mulango yenye vidole?" aliuliza.

Domitille akavuta mkono wa blauzi, akazifunika. Telefoni ilipolia, hakuinuka. Ikalia hata Madame akakasirika. Mwishowe Polycarpe alikuja mwenyewe, akapiga magoti kwenye kizingiti na suruali yake nyeupe, analia mbele ya wateja.

"Sheri yangu, ni moyo inawaka. Bila weye mimi si mutu."

"Hautarudilia?"

"Haki ya Mungu."

Domitille naye akalia, akamsamehe. Hata alifurahi, maana alimpenda. Jumapili iliyofuata watu wa Polycarpe wakaja na pombe ya kuposa.

Mitungi ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, ilipangwa uani kwa Papa Edouard, baba yake. Desturi ni kwamba hakuna anayeonja mpaka msichana aulizwe mbele ya watu wote: tuinywe? Akikubali, ameolewa. Jibu kila mtu alilijua, na wajomba walikuwa wanalamba midomo.

Chumbani, Domitille akivalishwa, aliingia Maman Euphrasie, mama yake Polycarpe. Mwanamke wa umbo dogo, mwenye sauti ya chini. Aliomba waachwe wawili, akamshika mkono.

"Mutoto wangu, nakupenda, njo maana nakuambia. Akiuliza kitu, ujibu mbio. Usicheke na batu yeye akisikia. Chakula ikuwe tayari mbele hajafika. Akinyamaza, utoke polepole uende inje. Ukifanya vile hatakupiga sana. Vile njo nilikaa na papa yake, mpaka Mungu alimuita."

Domitille alitaka kusema asante. Mambo yote yale alikuwa anayafanya tayari! Kujibu mbio, kutocheka, kunyamaza naye akinyamaza. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza lini? Akamtazama yule mama, akajiona mwenyewe, mwenye mvi, akimshika mkono binti wa watu.

"Maman, na weye balikuuliza juu ya pombe?"

"Baliniuliza."

"Ulisema nini?"

Mama alishangaa. "Nilisema bakunywe. Mutu anasemaka nini ingine?"

Uani, Papa Edouard alisimama na koti lake. "Domitille, hii pombe, tuinywe?"

Polycarpe alitabasamu, na alikuwa mzuri kama siku ile bandarini. Domitille akamgeukia baba yake.

"Hapana, papa. Musinywe."

Hata watoto waliacha kucheza.

"Unasema nini?"

"Alinipiga, papa. Juu ya kucheka."

"Kofi moja tu!" shangazi mmoja akaruka. "Nani hajapigwa hapa?"

"Domitille, sukari yangu..." Ilikuwa ile sauti ya telefoni, tamu vilevile.

"Nakupenda, Polycarpe," alisema huku machozi yanamtiririka. "Lakini nakuogopa."

Papa Edouard alimtazama binti yake. Aibu ilikuwa yake, na wageni walikuwa wake. Kisha akainama, akainua mtungi wa kwanza kwa mikono yake mwenyewe, akawarudishia waliouleta.

Waliondoka bila kuaga. Wa mwisho alikuwa Maman Euphrasie. Watu walingoja amtukane msichana. Yeye alisimama tu mbele yake, mdomo wazi, anamtazama.

"Kumbe inawezekana kusema vile," alinong'ona. "Mutoto wangu, kumbe inawezekana."

Akajifunga kikwembe chake vizuri, akashika njia nyuma ya wenzake. Mbele kabisa mwanawe aligeuka, akamwita kwa ukali afanye haraka. Maman Euphrasie alisikia. Hakuharakisha.