Majina Kumi na Manne ya Muhire

Asubuhi hiyo ofisi ya ushirika wa maziwa pale Kirolirwe ilinuka maziwa yaliyoungua, na humo ndani hamna jiko. Kétsia alijikaza tu. Alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza kuvuka mwezi wa nne, na mtoto alikuwa akipiga mateke tangu alfajiri.

Kazi ya siku ilikuwa kufuta etiketi, yaani majina yaliyobandikwa kwenye matoleo ya programu. Kila walipomaliza toleo jipya la programu ya kuandikisha ng'ombe, mwenzake Muhire alilibandikia jina la ng'ombe wa kwao aliyekufa, ili asisahaulike. Yalifika kumi na manne. Halafu Muhire naye akafa, na mkuu wao, Papa Esdras, mtu wa Butembo asiyependa mambo ya matanga, akataka orodha isafishwe.

"Weka namba tu," alimwambia Kétsia. "Programu iko ya maziwa, haiko ya makaburi."

Kétsia akafuta yote kwenye mashine yake na kwenye serveri. Alipofungua tena, yalikuwa yamerudi. Akadhani mashine nyingine bado inayo na ndiyo inayoyarudisha, basi akazizima zote isipokuwa yake, akafuta upya. Na hapo, nyuma ya ukuta, upande ambao hauna hata zizi, kitu kikaanza kukamuliwa ndani ya ndoo, taratibu, na kwa kila mkamuo jina moja likarudi, likiwa na tarehe ya leo, likiwa limeandikwa na Muhire, hadi yakatimia kumi na manne, kisha likaja la kumi na tano.

Laetitia.

Hilo lilikuwa jina alilomchagulia mtoto wake, na hakuwa amemwambia mtu, hata mume wake Jacques.

Mama Mukabaranga, mama yake Muhire, aliyeleta maziwa, alimkuta bado akilitazama jina hilo. Alisikiliza yote, akaongea kwa kunong'ona.

"Kwetu, ng'ombe ikikufa, jina yake tunapatiaka ndama. Hatutupake. Ukitupa jina, ule alikufa anakuja kuchukua ingine."

"Sasa nifanye nini, Mama?"

"Minaenda kuita ile kumi na ine ku ndama zetu. Hii ya mutoto usiiguse. Utaiita weye mwenyewe, siku atazaliwa."

Punde sauti ya Mama Mukabaranga ikasikika kutoka malishoni, ikiita ndama mmoja mmoja, na kila jina lililoitwa likatoweka kwenye orodha. Ukamuaji ukanyamaza. Harufu ikaisha. Likabaki moja tu, na Kétsia akalia kwa furaha, akatoka kwenda kunawa uso.

Aliporudi, Papa Esdras alikuwa ameketi kwenye kiti cha Kétsia, mbele ya mashine.

"Nimekusaidia, mutoto wangu. Ilibakia moja, nimeifuta. Nimefungua tena kuangalia, haikurudia hata."

Kétsia akaweka mikono miwili tumboni, akangoja teke.