Mita Nne za Twagirimana

Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa kumi na moja jioni, nilitoka nyumbani kwenda mtaa wa Mapendo, hapa Goma, kumtafuta fundi wa zege. Jina lake ni Murhula Hilaire. Ninaliandika lote kwa sababu jina lisilo kamili huleta matatizo baadaye, na kwa sababu yeye ni shahidi.

Mimi ni Kambere Grégoire, mzaliwa wa Butembo. Nina miaka themanini. Nilifundishwa kusoma, kuandika na kupima na mapadri wazungu kabla ya uhuru. Walituchapa kwa kila sentimita tuliyokosea.

Sakafu ya chumba chetu cha kulala ilikuwa inazama. Ni dale, yaani bamba zito la zege, na imelala juu ya lava iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 ikafunika mtaa wetu wote. Chini ya lava ziko nyumba za zamani. Kila familia hapa inakaa juu ya nyumba yake ya kwanza, nasi tumezoea.

Kwanza dale ilishuka unene wa kidole. Kisha ngumi. Mke wangu, Léonie, alivunjika nyonga mwezi wa Julai na hawezi kutoka kitandani, na kitanda kilikuwa juu ya dale hiyo. Kila jioni jua likitua, pumzi yake ilikuwa fupi. Asubuhi ilirudi. Daktari alisikiliza mapafu yake, hakukuta kitu. Lakini mimi nilikuwa napima. Dale ikishuka, pumzi nayo inapungua. Niliona wazi kwamba sakafu ile ikifika chini, Léonie hatakuwepo.

Murhula alikuja kesho yake jioni, baada ya kazi yake nyingine. Alileta kriki mbili za kuinulia lori, patasi, nyundo na mfuko mmoja wa saruji, tunayoiita siman. Alinieleza kazi: anatoboa dale, anaangalia shimo lililo chini, anainua polepole kwa kriki, kisha anajaza mawe na saruji laini.

"Njo weye fundi?" Léonie alimuuliza kutoka kitandani. "Ufanye angalisho, usinizike mu siman. Ningali muzima."

"Sitakuzika yote, mama. Pua nitaiacha inje."

Léonie alicheka. Kisha akakohoa kwa muda mrefu, na Murhula akaacha kutabasamu.

Tulisukuma kitanda hadi ukutani. Murhula alipiga magoti, akagonga dale kwa mpini wa nyundo. Tok. Tok. Alitambaa akigonga. Tok. Karibu na mlango sauti ilibadilika. Ilikuwa sauti ya ngoma.

"Kuko tupu chini," alisema. "Tena ni kubwa."

Umeme ulikuwa umekatika. Niliwasha mshumaa, nikamshikia. Alipiga patasi karibu robo saa, mpaka ikapenya. Ilipopenya, aliinua kichwa haraka kama mtu aliyepuliziwa usoni.

Hewa ilikuwa inatoka katika tundu. Hewa ya moto kidogo.

Nilishusha mshumaa. Kifuani uliwaka vizuri. Gotini uliinama. Karibu na sakafu ulizimika, bila moshi.

"Mazuku," alisema Murhula kwa sauti ndogo.

Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa. Mazuku ni pumzi mbaya ya ardhi. Hulala mahali pa chini, haionekani, na mbuzi akiingia ndani yake hatoki. Nilifikiri basi nimepata jibu. Sakafu imekuwa shimo, shimo limejaa mazuku, Léonie anaivuta. Jambo la sayansi. Karibu nifurahi.

"Lakini, muzee..." Murhula alisogeza pua kwenye tundu, akairudisha. "Mazuku haina harufu. Hii harufu ya maziwa inatoka wapi?"

Niliisikia na mimi. Maziwa yaliyoganda. Na ngozi ya ng'ombe iliyolowa.

Kisha tukasikia mguu.

Chini yetu.

Hatua moja, nzito, ya mtu asiye na haraka. Ikasimama. Kama mtu anayevuta kamba mpaka inyooke.

"Moya..."

Murhula alinishika mkono.

Hatua nyingine. "Mbili..."

Mshumaa haukuwepo tena, lakini kulikuwa na mwanga kidogo wa jioni dirishani, na niliona vumbi la zege likirukaruka kuzunguka tundu.

"Tatu..."

"Ine..."

Kimya.

"Muzee," Murhula alinong'ona, "kuko mutu anapima."

Ni Léonie aliyejibu. "Grégoire. Iyo njo sauti ya Twagirimana."

Sasa lazima niandike jambo ambalo sijaliandika kwa miaka ishirini na miwili.

Twagirimana Élisée alikuwa jirani yetu, mfugaji kutoka milima ya Masisi. Siku ya lava tulikimbia pamoja. Kwenye njia panda alikumbuka ndama wake aliyefungwa nyuma ya nyumba, akarudi. Hatukumwona tena. Mtaa uliporudi, mipaka yote ilikuwa imefunikwa. Watu walinichagua mimi niipime upya. Hawakutaka mwingine, kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa sentimita. Nilipima kwa kamba ya mafundo, lava ikiwa bado ya moto, soli za viatu zikinuka. Nilipofika kwa Twagirimana hapakuwa na mtu wa kusimama upande wake. Nilichukua mita nne. Ndizo upana wa chumba chetu cha kulala.

Baada ya mwezi alikuja mjane wake, Bénédicte. Aliniuliza: "Papa Grégoire, kwetu kunaanzia wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Alisema, "Aksanti, papa. Wengine wangetuibia."

Niliyasema hayo pale, gizani, mbele ya mke wangu na mtu wa Mapendo niliyemjua kwa siku moja. Léonie aligeuza uso ukutani. Murhula alifuta jasho.

"Mimi sitamwaga siman juu ya mutu," alisema. "Mwambie yeye mwenyewe."

Nililala kifudifudi. Mifupa ya miaka themanini haipendi hivyo. Nilibana pumzi, nikaweka mdomo kwenye tundu.

"Twagirimana Élisée. Ni mimi, Kambere Grégoire. Nilikunyang'anya mita nne."

Hewa ilikatika, mara moja, kama mtu aliyefunga mlango ili asikilize vizuri.

Murhula aliwasha mshumaa tena. Akaushusha kidogo kidogo mpaka sakafuni. Uliwaka.

"Amesikia," alisema. "Sasa tumutoshe mama humu. Kesho nitainua."

Tulibeba kitanda mpaka sebuleni, tukakiweka upande wa pili wa ukuta uleule, nje ya zile mita nne. Sakafu ya huko haikuwahi kushuka. Nilimpa Léonie chai. Murhula aliweka mshumaa sakafuni karibu na kitanda, "kwa kuona tu," akaanza kufunga vyombo vyake. Ilikuwa bado si saa moja. Watoto wa jirani walikuwa wanacheza nje. Nilisikia hata redio.

Kisha harufu ya maziwa ikapita chini ya mlango.

"Moya... mbili... tatu... ine..."

Sauti ilikuwa inatembea. Ilikuja kwetu.

Ikasimama chini ya kitanda cha Léonie.

"...Tano."

Dale ya sebule ililia kaa! kama mfupa. Kitanda kiliinama upande wa kichwa. Mshumaa ukazimika bila moshi. Nilimsikia Léonie akivuta hewa, akivuta, bila kuipata.

"Muzee!" Murhula alipiga kelele. "Ulisema ine!"

Hata wakati ule nilinyamaza. Mungu aliniona. Mke wangu alikuwa anakufa mbele yangu, na mimi nilikuwa bado natafuta jinsi ya kubaki mtu wa sentimita.

"Ni ngapi, muzee? Ni ngapi?"

"Tano," nilisema. "Zilikuwa tano."

Tulimtoa Léonie na godoro lake mpaka barabarani. Alikaa chini ya mbingu, amefungua mdomo, na pumzi ikarudi kidogo kidogo. Usiku huohuo alipelekwa kwa binti yetu, Jolie. Huko anapumua vizuri, jioni na asubuhi.

Asubuhi Murhula na mimi tulirudi. Dale zote mbili zilikuwa sawa. Niliweka kipimo cha maji juu yake mara tatu; kiputo chake kilisimama katikati. Kriki zilikuwa bado ndani ya gunia lake, zimefungwa kamba. Murhula alizitazama, akatazama sakafu.

"Sijui kinachozishikilia, muzee. Na weye usitoboe kwa kuangalia."

Alichukua vyombo vyake na hakurudi. Nimemwandikia Bénédicte barua, nikataja mita tano kwa tarakimu na kwa maneno. Bado sijajibiwa.

Nakaa hapa peke yangu mpaka ajibu, kwa sababu nyumba haiwezi kuachwa wazi. Kila jioni naweka mshumaa sakafuni. Unawaka. Lakini jana, saa kumi na mbili na nusu, harufu ilirudi, na miguu ikaanza kutoka upande wa chumba cha kulala. Ilipita ya nne. Ilipita ya tano. Ilivuta kamba tena.

"...Sita."

Nilimpigia Léonie simu, nikamweleza.

"Grégoire," aliniuliza polepole, "zilikuwa ngapi?"

"Tano. Naapa mbele ya Mungu, zilikuwa tano."

 Alikata simu.

Leo nimepima. Mita ya sita inafika hapa, chini ya kiti ninachoandikia. Mshumaa umeanza kuinama.