Spoki ya Risiti

Nyuma ya cherehani ya Mama palikuwa na spoki ya baiskeli iliyosimamishwa juu ya kipande cha ubao. Kila karatasi ya malipo iliyoingia nyumbani mle ilichomekwa hapo: ya umeme, ya vitambaa, ya vifungo. Binti yake wa darasa la sita, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika, aliiona spoki hiyo kila siku na hakuwahi kuiwazia lolote.

Jumatatu moja baada ya masomo, Mama alimpa elfu themanini zilizofungwa kwenye kitambaa, pamoja na elfu moja ya makato.

"Mpelekee wakala amtumie Bibi. Ni za kupasuliwa jicho. Hospitali wanazitaka kabla ya Alhamisi asubuhi, la sivyo nafasi yake anapewa mwingine. Na usirudi bila risiti."

"Sawa, Mama."

Wakala wa pesa alikuwa na kibanda kwenye kona ya soko. Watu walimwita Chapchap, kwani alihudumia watatu kwa mpigo na kujisifia jambo hilo. Bango la makato, ambalo alitakiwa kulibandika mahali pa kuonekana, alikuwa amelifunika kwa kalenda. Chiriku alimtajia namba ya Bibi. Chapchap akaiandika kwenye daftari huku akizungumza na mteja mwingine, akabonyeza simu.

"Tayari. Makato elfu mbili."

"Mama amenipa elfu moja."

"Haya, lete hiyo hiyo, mwanangu."

"Na risiti?"

"Karatasi zimeisha. Pesa imeshakwenda, risiti utaila?"

Foleni ikacheka. Uwanjani wenzake walikuwa wakimsubiri waruke kamba. Chiriku akatoka mbio.

Jioni Mama alinyoosha mkono. "Risiti?"

"Imepeperushwa na upepo, Mama."

Mama alimtazama, kisha akatazama dirishani. Hata uzi uliokuwa ukining'inia kwenye cherehani haukutikisika. Akaendelea kushona.

Jumanne alasiri Bibi alipiga simu. "Mwanangu, mbona kimya? Simu nimeishika tangu jana kama yai, haijaingia hata senti."

Mama alimgeukia Chiriku.

"Mama, hakukuwa na upepo. Chapchap hakunipa risiti, nami sikungoja. Nilikimbilia kamba."

Mama aliweka mkasi chini taratibu. "Uongo huo umetupotezea siku nzima. Vaa viatu."

Kibandani, Chapchap hakuinua hata macho. "Dada, mimi nimetuma. Tatizo ni mtandao. Subiri wiki moja."

"Fungua daftari."

"Daftari ni la ofisi."

"Miaka kumi na moja iliyopita," Mama alisema bila kupaza sauti, "nilimpa dereva pesa za mazishi ya baba yangu. Hakunipa karatasi. Kesho yake akaapa kuwa hanijui. Nakumbuka hata rangi ya shati lake. Fungua daftari."

Watu wa foleni wakasogea kusikiliza. Chapchap akafungua. Chiriku alipitisha kidole kwenye mistari mpaka akaiona elfu themanini ya jana, saa tisa na dakika ishirini.

"Hapa mwisho umeandika kumi na saba. Namba ya Bibi inaishia sabini na moja."

"Lo!" mzee mmoja akaguna. "Chapchap, haraka zako leo zimekutokea puani."

Asubuhi iliyofuata Mama alimwombea Chiriku ruhusa shuleni, wakaenda ofisi ya kampuni ya simu. Dada wa dawati la malalamiko alitikisa kichwa. "Bila risiti, mama, hatuwezi kukusaidia."

"Risiti ni wakala wenu aliyeninyima. Kumbukumbu mnazo ninyi, na sheria inawataka mzitunze. Siku, saa, kiasi na namba, hivi hapa. Tafuta."

Dada akatafuta. Pesa zilikuwa zimekaa kwenye namba ya mtu mwingine, hazijatolewa. Akazizuia, akampigia mwenye namba, ambaye alikubali zielekezwe kwa Bibi, akaandika lalamiko na kuwapa karatasi yenye namba ya kumbukumbu. Saa tisa alasiri Bibi alipiga simu. "Zimeingia! Kesho naenda!"

Nyumbani Mama alimpa Chiriku ile karatasi.

"Chomeka mwenyewe. Kampuni ina kompyuta, wakala ana daftari, sisi tuna hiki kikaratasi. Anayekunyima hicho amekunyima haki yako, hata akifanya mzaha. Usipokuwa nacho, unabaki na mdomo tu. Na mdomo wako Jumatatu ulisema uongo. Nani angeuamini?"

Kwa mara ya kwanza mdomo wa Chiriku ulipumzika. Alichomeka karatasi kwenye spoki, akaisukuma mpaka chini.

Mwezi uliofuata alitumwa tena kwa Chapchap. Kalenda ilikuwa imehamishwa, na bango lilisomeka wazi: makato, elfu moja.

"Nisomee namba na jina la Bibi kabla hujabonyeza," Chiriku alisema.

"Mtoto huyu! Watu wanangoja!"

"Na wangoje," akasema mama mmoja nyuma yake. "Ukimaliza, na mimi unisomee ya kwangu. Na risiti yangu uiandae."