Dawa Baada ya Mtoto

Wenzangu wa Mpanda, pale Kashaulili kuna nyumba ambayo majirani hawakuwahi kusikia ugomvi ndani yake. Haidari aliuza vitenge sokoni, mkewe Nasma alishona nguo, na jioni walikula pamoja na Bi Mwanaiddi, mama yake Haidari, wakipiga soga mpaka chai inapoa.

Siku moja Nasma alikwenda kumchangia damu jirani aliyejifungua. Baada ya vipimo akaitwa hospitali. Daktari Mariana alimweleza taratibu kwamba ana homa ya ini aina ya C, huenda aliipata utotoni alipoongezewa damu, na kwamba ini limeshaanza kupata makovu. Dawa zipo, vidonge vya miezi mitatu, na wengi hupona kabisa. Ila kwa muda huo asishike mimba.

Nasma alirudi nyumbani amenywea. Alikuwa ameolewa mwaka wa nne, hana mtoto. Haidari alitaka aanze dawa mara moja. Bi Mwanaiddi akaweka kikombe chini.

"Mkamwana, unaumwa wapi?"

"Siumwi, mama."

"Sasa dawa za nini? Nizalie mjukuu kwanza. Dawa hazikimbii."

Nasma alimtazama mumewe, akingoja neno lake. Halikuja. Na yeye, kusema kweli, aliogopa kuitwa tasa kuliko ugonjwa asiousikia mwilini. Akasubiri.

Kila mwezi alijipa moyo, kisha akajifungia chooni kulia. Haidari akigusia dawa, Nasma humjibu kwamba pengine mwezi huu ndio wenyewe. Daktari akapiga simu mpaka Nasma akaacha kupokea.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Miguu ikaanza kuvimba, kisha tumbo. Bi Mwanaiddi, masikini, alipoliona tumbo lile akawatangazia majirani. Nasma alijua si mimba, lakini kila akitaka kusema, ulimi unakuwa mzito. Alivaa madera mapana, akapokea pongezi.

Asubuhi moja akatapika damu juu ya cherehani. Haidari akambeba mpaka kwenye bajaji, Bi Mwanaiddi akifuata pekupeku.

Nasma hakufa. Alimeza vidonge, virusi vikaisha. Lakini ini lilikuwa limeshakakamaa, na daktari akawaambia kwamba mimba sasa inaweza kumuua, na kwamba atakuwa mtu wa kliniki maisha yake yote.

"Angeanza siku ile?" Bi Mwanaiddi aliuliza.

Daktari Mariana akafunga faili. "Pengine sasa hivi mngekuwa mnalea, bibi."

Bi Mwanaiddi akaushika mkono wa Nasma, akaubana kifuani. "Mimi ndiye niliyekwambia usubiri."

"Na mimi ndiye niliyesubiri, mama."

Haidari alikuwa amesimama mlangoni. Hata siku hiyo hakusema kitu.

FUNZO

Ndugu zangu, ini huharibika kimya kimya. Kutosikia maumivu si kupona. Ukiambiwa uanze dawa, anza. Na kama una sababu ya kusubiri, iseme mbele ya daktari, yeye ndiye apime kama ini lako linaweza kungoja. Nanyi mama wakwe, msitake mjukuu kwa kuhatarisha uhai wa mama yake. Na wewe mume, mkeo akikutazama akingoja neno lako, liseme.