Maji Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Nina miaka thelathini na tisa, mke wa mwalimu na mama wa watoto watatu hapa Sumbawanga mjini. Naandika haya kwa sababu moyo wangu hautulii... Hata sasa nainuka, naenda kugusa sakafu kwa kiganja, narudi kukaa, kisha nainuka tena.

Serikali ilipotoa ruksa ya biashara na bidhaa za nje kuanza kujaa madukani, tulinunua friji ya mtumba Tunduma. Mtaani kwetu ilikuwa ya kwanza. Niliiweka sebuleni, nikaisukuma hadi ikabanana na ukuta, nikaanza kuuza soda baridi. Nilijiona nimefika.

Upande wa pili wa ukuta huo kilikuwa chumba cha mama mkwe wangu, aliyetoka kijijini Mollo kuja kutibiwa macho; kitanda chake kiliegemea ukuta huohuo. Mama mpole, hana neno na mtu.

Asubuhi moja nilipokuwa nafagia chumbani kwake, nikakuta maji chini ya kitanda. Nikapangusa, nikaendelea kufagia. Kesho yake tena. Siku ya tatu blanketi lililoning'inia lilikuwa limelowa, na chumba kimeanza kunuka uvundo.

Ningemdhania nani? Mtu mzima, haoni vizuri, choo kiko nje... Nikaamua ni yeye.

Nilipomuuliza alishtuka. "Mama Oresta, si mimi," aliniambia. "Akili zangu ninazo."

Sikumsikiliza. Nikamtandikia nailoni juu ya godoro. Tangu siku hiyo aliacha chai ya jioni, hata maji ya kumezea dawa akawa anayapima, mafunda mawili tu. Na bado sakafu ililowa! Je, hilo halikutosha kunifanya nifikiri? Halikutosha. Nikamsimulia jirani, jirani akawasimulia wengine, na Jumapili moja kanisani wanawake wawili wakasogea mbali naye kwenye benchi. Macho yake yalikuwa mabovu, lakini hilo aliliona.

Wiki hiyohiyo alifunga nguo zake kwenye kanga akaondoka. Mume wangu, mtoto wake wa kumzaa, alimbebea mzigo hadi kwenye gari.

Nikasugua chumba, nikaweka humo magunia yetu ya mahindi. Siku ya nne nikakuta maji palepale.

Nilisimama mlangoni... Chumba hakikuwa na mtu.

Nikamwita fundi. Akaivuta friji. Kule nyuma, mpira mwembamba unaoshusha maji ya barafu ikiyeyuka ulikuwa umepasuka. Maji yalichuruzika ukutani, yakapenya hadi chumba cha pili. Fundi alichomeka bisibisi ukutani, ikazama yote. Nyumba yetu ni ya matofali mabichi.

"Mama, hujawahi kuangalia huku nyuma?" aliniuliza.

Sikuwahi. Na mpira wenyewe aliubadilisha kabla chai niliyomwekea haijapoa. Lakini ukuta ulikuwa umeshalainika. Kesho yake mchana ulianguka juu ya magunia, mahindi ya chini tukayakuta yameota ukungu. Sikuyalilia mahindi.

Nilikwenda Mollo. Nilimkuta anapepeta ulezi. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamweleza yote huku nalia. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Ila kwako silali tena."

Na hajalala. Akija kuonyesha macho hospitali, anarudi Mollo siku hiyohiyo, hata mvua inyeshe. Nikimwandalia chakula anakula, anashukuru, kisha anaulizia gari. Nitamwambia nini?

Wasomaji wenzangu, mwenye friji asiibane na ukuta. Ivute kila wiki, chungulia nyuma, papasa ule mpira, mwaga maji ya kisahani cha chini. Ukiona sakafu imelowa, fuata maji hadi yanakotoka, ndipo umtazame mtu. Mimi nilianza na mtu...

Ukuta tuliujenga upya kwa wiki mbili tu. Kitanda nimekitandika, shuka nabadilisha kila Jumamosi, na chumba ni kikavu kabisa. Hakuna anayelala humo.